Kila harufu ina kwao

Haya ni maneno niliyoongea Jumapili kwenye kikao cha madereva na wenye magari pale Temeke. Wengi mlikuwa barabarani mkanitumia meseji mnataka kujua nilisema nini, nimeyaandika yote kama yalivyotoka.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo vipi. Mwenyekiti asante kwa nafasi, na kina mama mnaoendesha gari za shule asanteni kwa kuja, nyie leo nina maneno yenu kabisa.

Mimi kazi yangu nasafisha gari ndani. Nje sigusi, nje kila kijana mwenye ndoo na pampu anaweza. Mi ni siti, kapeti, dari, mikanda, matundu ya AC, na huu mwaka wa kumi na tatu. Na wateja wangu karibu wote wanakuja na neno moja, "gari yangu inanuka."

Nianze na swali. Nani hapa gari yake ina kile kimti cha marashi cha kuning'iniza kwenye kioo? Nyoosheni mikono tusioneane aibu. Haya, nani ana viwili? Nani ana kimti, afu ana na kichupa kwenye tundu la AC, afu chini ya siti ameweka na kopo la jeli? Nawaona. Sasa nawauliza, ile harufu iliyowafanya mnunue vyote hivyo imekwenda wapi? Haijakwenda popote. Ipo. Imekaa pale pale.

Lugha yetu imetupa maneno mawili, kunuka na kunukia. Tofauti yake ni herufi moja tu lakini watu wanadhani ukileta moja lingine linaondoka. Haliondoki! Gari inaweza kunuka na kunukia kwa wakati mmoja, na hiyo ndo mbaya kuliko zote, mana abiria akiingia anakutana na uvundo umevaa marashi, kichwa kinamuuma kabla hamjafika taa za kwanza.

Kila harufu ina kwao. Hilo ndo nataka mlibebe leo. Harufu haizaliwi hewani, ina mahali imelala, na mahali pale kuna kitu, kuna uchafu au kuna maji au kuna kitu kimekufa. Ukipuliza marashi umepuliza hewa, mwenye nyumba hujamgusa.

Kuna dada mmoja aliniletea IST yake mwaka juzi, gari safi kweli, imetunzwa, lakini ukikaa nayo juani dakika kumi unataka kushuka. Alishapeleka kawoshi mara nne, kila mara wanapiga sabuni siti, wanapuliza pafyumu, siku ya tatu harufu inarudi. Nikamuuliza, dada unabeba watoto? Akasema ndio, wawili. Nikasukuma siti ya abiria mbele mpaka mwisho, nikapiga tochi kwenye ile reli ya siti. Nikaona doa kama la uji limekauka, lina rangi ya njano na ukingo wa kahawia, limeingia chini ya reli kwenye kapeti. Maziwa. Mtoto alimwaga chupa, mama akafuta juu, yale mengine yakashuka chini yakakaa miezi.

Sasa kwa nini zile sabuni za kawoshi hazikufua dafu? Kwanza hawakufika pale, walisafisha panapoonekana. Pili, maziwa yana mafuta na yana protini, ukiyamwagia maji ya moto ile protini inashikana na uzi wa kapeti ndo umeipikia hapo hapo. Maziwa, damu, yai, matapishi, anza na maji ya baridi siku zote. Nyonya na kitambaa, usisugue. Afu chukua sabuni ya unga ya kufulia, ile ambayo kwenye pakiti wameandika ina enzaimu, koroga na maji ya uvuguvugu, pakaa, iache nusu saa ifanye kazi, mana enzaimu inakula ule uchafu wenyewe na inataka muda. Afu suuza kidogo kidogo na unyonye mpaka kitambaa kitoke cheupe. Yule dada hakulipa hela nyingi, saa mbili tu. Aliponipigia wiki iliyofuata alikuwa anacheka, anasema mwanae kamuuliza mama hii gari mpya?

Tuje kwenye maji. Hapa nitakaa sana, mnivumilie, mana gari kumi nikiletewa zinazonuka, nyingi mwizi ni maji.

Nani anajua kwa nini gari ikiwa na AC inadondosha maji chini? Mzee hapo nyuma amesema ni baridi inayeyuka, umepatia karibu. Nyuma ya dashibodi kuna kitu kinaitwa evaporeta, kama rejeta ndogo, ndo inayopoza. Joto hili la Dar na unyevu huu wa bahari, hewa ikigusa pale inatoa maji kama chupa ya soda uliyoitoa kwenye friji. Yale maji yana mpira wake mdogo yanapotokea, yanashuka chini ya gari. Sasa ule mpira ukiziba, vumbi, majani, na nimeshakuta hata nyigu wamejenga na udongo kwenye mdomo wa ule mpira, yale maji yanakwenda wapi? Yanarudi ndani! Yanashukia kwenye kapeti upande wa abiria wa mbele, kimya kimya, wewe uko upande wa kulia huoni kitu.

Kwa hiyo jipime leo leo. Washa AC dakika ishirini, gari imesimama, shuka uchungulie chini. Ukikuta kidimbwi, mshukuru Mungu. Ukikuta pakavu kabisa na jua hili, vua kiatu, ingiza mkono chini ya kapeti ya abiria, bonyeza.

Na ile harufu ya soksi mbichi, ile ya dakika ya kwanza ukiwasha AC, hiyo kwao ni pale pale kwenye evaporeta. Ni ukungu umeota mana pana giza na pana maji. Fanya hivi kila siku: ukibakiza dakika tano kufika, zima baridi lakini feni iache iendelee kupuliza. Pale ndani panakauka. Haina gharama hata shilingi. Na filta ya AC, kwenye Toyota zetu nyingi iko nyuma ya ile droo ya mbele ya abiria, unaibana mbavu inashuka, filta hiyo unaiona. Mzee mmoja mwenye Noah alibisha kabisa kwamba gari yake haina filta. Nikashusha droo, nikaivuta. Ilikuwa nyeusi kama chujio la chai, imejaa majani ya mwarobaini, manyoya ya kuku, na katikati panya katengeneza kitanda chake kwa vipande vya tishu. Miaka yote ile abiria wa Noah ile walikuwa wanavuta hewa iliyopita kwenye kitanda cha panya. Mzee alikaa chini kwenye ndoo akanyamaza, afu akasema, na mjukuu wangu anakaa siti ya mbele.

Sikumlaumu, hakuna aliyemwambia. Gari nyingine zimekuja kutoka Japani hazijawahi kuwekewa hata hiyo filta, nafasi ipo tupu. Ndo mana nasimama hapa.

Sasa gari za mafuriko. Mnaoishi Dar mnajua, masika ikikolea Jangwani pale, mto Msimbazi ukijaa, kuna gari zinalala ndani ya maji. Zile gari hazitupwi jamani. Zinaoshwa, zinapigwa polishi, zinauzwa. Kuna kijana alinunua Premio kwa bei ambayo ukiambiwa unaruka, akaja kwangu inanuka kama kisima. Nikamwambia vuta mkanda wa siti ya nyuma, uvute wote mpaka mwisho wa mwisho. Alipouvuta, ule mwisho ambao hakuna mtu anaufikia ulikuwa na mstari wa tope, umenyooka kama umepigwa na rula. Hapo maji yalifika. Anayeuza gari anaosha siti, anaosha kapeti, mkanda mwisho wake anausahau. Angalieni na boliti za siti kama zina kutu, na shimo la tairi la spea, weka mkono chini kabisa unuse vidole.

Ile Premio tuliitoa siti zote. Mkitaka kufanya wenyewe, toeni waya wa betri kwanza mkae dakika kadhaa, mana chini ya siti kuna waya wenye soketi za njano, hizo ni za eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari ikigonga, msizichezee waya wa betri ukiwa haujatolewa. Tulipofunua kapeti, chini yake kuna sponji nene kama kidole gumba. Niliikamua kwa mikono yangu miwili, maji yakatoka kama unakamua dekio, na gari ilikuwa imekaa juani wiki tatu. Juu kumekauka, unapitisha mkono unasema pakavu, chini ni bwawa. Mngepuliza marashi mangapi kumaliza lile bwawa? Tuliianika sponji siku tatu, tunaigeuza kama mpunga. Na hata hivyo nilimwambia ukweli, kijana, harufu nimekutolea lakini waya zako zimekunywa maji, mtafute fundi umeme kabla hazijakuzimikia njiani.

Harufu ina kwao. Ukikosa pa kuanzia, anza na maji.

Haya, shombo. Nani anabeba samaki toka Feri? Mpo. Shombo inawatesa mana barafu ikiyeyuka yale maji yanapita kwenye mshono wa buti, na mtu anapiga sabuni, anapiga tena sabuni, shombo inacheka. Mimi hili sikufundishwa na fundi, nilifundishwa na bibi yangu Bagamoyo. Bibi akimaliza kupaa samaki ananawa na nini? Ndimu! Nyie wote mmeona, mama zetu wote wanafanya hivyo, afu tukiingia kwenye gari akili hiyo tunaiacha jikoni. Ile shombo asili yake iko upande mmoja na magadi, ndo mana sabuni peke yake haiiwezi, inataka kitu kichachu kiikate. Siki nyeupe, kipimo kimoja kwa kimoja cha maji, weka kwenye chupa ya kupulizia, lowesha pale palipomwagika, acha robo saa, nyonya, fungua milango. Siki yenyewe itanuka, ndio, lakini ikikauka inaondoka na mwenzie. Wale mnaovusha doriani toka Unguja kwa ndugu zenu, jamani fungeni vizuri kwenye ndoo yenye mfuniko, lile tunda likipasuka kwenye buti mtanijia tu.

Na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kina dada mnaosafisha wenyewe na vijana wa kawoshi. Usichanganye Jiki na siki. Usichanganye Jiki na ndimu. Ikichanganyika inatoa hewa ya klorini, na gari ni chumba kidogo. Kijana wangu wa kazi alifanya hivyo kwa haraka zake, Jiki kwenye kapeti asubuhi, siki mchana pale pale, akatoka anakohoa machozi yanamtoka, tukakaa naye nje kwenye upepo na hofu ikanishika mpaka jioni. Ukitaka kitu cha kunyonya harufu weka bekingi soda, ile ya kopo ya jikoni, nyunyiza kavu kwenye kapeti kavu ilale usiku, asubuhi unyonye na vakyumu. Bekingi soda nimesema, yale magadi ya kutengenezea sabuni msiyaguse, yanaunguza.

Sigara nitapita haraka. Gari nyingi mnazonunua yadi zilikuwa na mvutaji huko Japani, afu zikakaa melini mwezi na zaidi vioo vimefungwa. Chukua kitambaa cheupe chenye maji kidogo, futa dari juu ya dereva. Kikitoka na rangi ya chai, umeshajua. Ule utando uko kila mahali, dari, vioo kwa ndani, mikanda, plastiki. Unafutwa kidogo kidogo kwa maji na sabuni, raundi mbili tatu, na dari usiliroweshe mana gundi ikiachia kitambaa kitakuangukia kichwani. Filta tupa, weka mpya.

Sasa nije kwenye harufu ambazo hazitaki kusafishwa. Hizi zinataka usimame.

Harufu ya petroli ndani ya gari. Usiizoee! Gari zetu nyingi pampu ya mafuta iko chini ya siti ya nyuma, pale wanapokaa watoto, fundi akifungua na akarudisha mpira vibaya mvuke unapanda ndani. Harufu ya yai bovu, angalia betri, inawezekana inachajiwa kupita kiasi inachemka, au ni masega, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Harufu tamu tamu kama sharubati, na kioo cha mbele kinapata ukungu wa mafuta ambao haufutiki, hapo kulanti, yale maji ya kupozea injini, inavuja kwenye hita nyuma ya dashibodi, na ile ni sumu, mtoto asiiguse. Na moshi wa ekzosi ukiusikia ndani, shusha vioo, paki. Kwenye ule moshi kuna kaboni monoksaidi, na hiyo yenyewe haina harufu hata kidogo, unasinzia tu. Gari za watoto zenye raba ya mlango wa nyuma imechanika, moshi unaingilia hapo, mnanielewa? Ukipuliza marashi juu ya hizi harufu umemziba mdomo mtu aliyekuwa anakuamsha.

Kwa nini nayasema haya kwa uchungu? Binti yangu ana pumu. Alipokuwa darasa la pili gari iliyokuwa inampeleka shule ilikuwa inanuka, dereva mtu mzuri kabisa, anawapenda watoto, akaona awapendezeshe akapuliza pafyumu chupa nzima asubuhi na vioo akafunga. Mwanangu alishushwa njiani anavuta pumzi kwa mabega. Nilimkuta kwenye benchi la duka la mangi, amekumbatia begi lake, midomo imebadilika rangi. Tulimuwahi, Mungu ni mwema, leo yuko sekondari. Yule dereva alilia kuliko mimi. Nilipokwenda kuitazama ile gari baadae, nilikuta ganda la ndizi na nusu ya chapati chini ya siti ya mwisho vimeota manyoya. Kitu cha kuokota kwa mkono! Cha sekunde tano!

Kina mama wa gari za shule, kila Ijumaa jioni watoto wakishuka, piga magoti, tochi ya simu, angalia chini ya kila siti. Kila siti.

Na madereva wa teksi, kuna jambo nimeliona Temeke hospitali pale nje. Mama kashuka kwenye gari, mtoto kambeba ana homa, katapika kwenye siti, na dereva anamgombeza mbele za watu, siti yangu, siti yangu. Mama wa watu anafuta na khanga yake huku mtoto amemlegea begani. Ndugu zangu, mtoto hakuchagua. Weka kwenye buti taulo mbili, chupa ya maji, mifuko ya kutosha na kopo la bekingi soda, muingize mama kwa daktari afu rudi, nyonya, suuza na maji ya baridi, nyunyiza, fungua milango upate jua. Ukiwahi ndani ya nusu saa haibaki kitu. Kikibaki niletee, kwa matapishi ya mtoto mgonjwa sitoi bei, njoo tu.

Mzee ameniuliza kuhusu ubani. Mzee wangu mimi mtu wa Pwani, nyumbani kwetu Ijumaa haipiti bila chetezo, siwezi kuusema vibaya. Lakini hata bibi alikuwa anafagia kwanza, anadeki, anatandika, ndo anafukiza. Gari nayo hivyo hivyo. Fukiza kidogo ikiwa safi, na mwenye pumu asiwemo.

Nimeongea sana, jua linashuka. Nje pale kuna Probox ya mmoja wenu, amekubali, nimeshalegeza siti ya mbele na kapeti imefunuliwa nusu. Anasema inanuka tangu mwezi wa nne na hajui kwa nini. Twendeni wote, mwenye tochi aje nayo, tukaangalie kwao ni wapi.